Barua ya Tisa kwa Marehemu

Saluni ilikuwa na viti vinne na asubuhi hiyo vyote vilikuwa vitupu. Msusi alikuwa amegeuza kibao cha mlangoni kuonyesha kwamba pamefungwa, ingawa ilikuwa saa nne, na wateja wawili walishagonga kioo, wakachungulia, wakaenda zao wakinung'unika. Ndani, chini ya kikaushio cha nywele kilichozimwa, Inspekta aliketi na miwani puani, akisoma karatasi moja kwa mara ya nne. Wenzake kituoni walimwita Kobe, na si kwa kumsifu. Walidai kwamba mwizi akikimbia, Kobe humwuliza kwanza anavaa viatu saizi gani. Yeye hakujali. Mwaka huo alikuwa amefunga majalada mengi kuliko wote waliomcheka, na mawili kati ya hayo yalifungwa kwa saizi ya viatu.

"Nisomee kwa sauti," alisema, akamrudishia Msusi karatasi.

"Afande, si umeshaisoma?"

"Nyie kwenu barua hizi husomwa kwa sauti. Na mimi nataka kuisikia."

Mama yake Msusi alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi tu. Karibu miaka kumi iliyopita aliacha kulala. Si kwamba alilala kidogo, aliacha kabisa. Miezi saba baadaye alikuwa kaburini, na madaktari wakasema ni ugonjwa wa prioni: protini ya ubongo imejikunja vibaya, ikikutana na nyingine iliyo nzima inaifundisha kujikunja vivyo hivyo, mpaka ubongo wote unatoboka. Dawa hakuna, na kuchemsha hakuiui. Familia ilitoa ubongo wa marehemu kwa maabara ya utafiti. Wateja wake, ndugu na majirani wakachanga, ikaanzishwa ruzuku ya kumbukumbu kwa jina lake ili daktari mmoja aliyewahi kumhudumia wodini aendelee kuusaka ugonjwa huo.

Familia iliweka sharti moja. Kila mwaka, tarehe aliyofariki, Daktari angemwandikia Fundi mwenyewe barua ya kumweleza kazi imefika wapi, na mume wa marehemu, dereva wa treni aliyestaafu, angeisoma mezani mbele ya ndugu. Barua nane za mwanzo zilikuwa za panya na darubini, na maneno magumu mzee aliyapita kama treni ya haraka inavyopita vituo vidogo. Ya tisa aliisoma mpaka katikati, akaikunja, akainuka, na hajaizungumzia tena.

Msusi alikohoa kidogo, akasoma.

"'Fundi, salamu. Mwaka huu sina mengi ya kukueleza kuhusu panya wetu. Nataka kukuambia kwamba sasa najua. Najua kwamba ngazi zinazaa. Unaweka mguu penye ngazi ya mwisho na unakuta imeshazaa mwenzake. Najua kwamba bomba likifunguliwa chumba cha pili linaita jina lako, tena kwa sauti ya mtu unayempenda. Najua pia habari za mkono. Mkono wa kulia unaanza kazi wenyewe, mchana kweupe, watu wakitazama. Unashika kitu chembamba, unakilaza, unakikata, unakilaza tena. Ukiulizwa unafanya nini unasema sifanyi kitu, na ni kweli, kwa sababu si wewe. Kwenye majalada yetu tuliandika kwamba umechanganyikiwa. Nisamehe. Ulikuwa unatupa habari, nasi hatukuziandika.'"

Aliiweka karatasi mezani, kati ya vitana na chupa za mafuta, akaisukuma mbali na mkono wake.

"Tuanze na ngazi," Kobe alisema.

"Ngazi mama aliniambia mimi. Namwosha nywele, kichwa kiko kwenye beseni lile pale, ananinong'oneza kama anasengenya watu: ngazi zinazaa. Sikumwambia baba. Sikumwambia mtu."

"Muuguzi?"

"Alikuwa anakuja asubuhi, anabadilisha shuka, anaondoka. Mama hakumpenda."

Kobe alikuwa amempigia muuguzi huyo simu siku iliyotangulia. Muuguzi alikumbuka shuka na jasho, ngazi hakuzikumbuka. Jalada la hospitali nalo alilipitia ukurasa kwa ukurasa na hakukuta ngazi wala bomba. Kuhusu aliyoyasema Fundi lilikuwa na neno moja tu, limerudiwa mara kumi na tisa: amechanganyikiwa.

"Wewe mwenyewe unadhani nini, mdogo wangu?"

Msusi alivipanga upya vitana. Ugonjwa ule mara nyingine hurithiwa. Miaka miwili nyuma alikubali kutoa damu kwa ajili ya utafiti, kwa makubaliano ya maandishi kwamba yeye mwenyewe asiambiwe majibu. Majibu yalirudi ndani ya bahasha iliyopigwa lakiri, ikafungiwa kwenye sefu ya maabara.

"Nadhani kuna mtu kule ameifungua bahasha yangu," alisema. "Ameona nimerithi. Kuniambia hawezi kwa sababu nilikataa kwa maandishi, basi amenizungukia kwa marehemu. Nina miaka thelathini na minane, afande. Mama alianza akiwa na arobaini na tano." Aliigeuza karatasi kifudifudi. "Nataka kujua kama wameifungua. Kilichomo sitaki kukijua. Ukikijua wewe, tafadhali usinitazame."

Kobe alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Katika kazi yake watu humwomba awaambie ukweli au awafichie wenzao. Kuombwa asimtazame mtu ilikuwa mara ya kwanza, na hakuipenda hata kidogo.

"Barua za zamani unazo?"

Msusi alizitoa zote nane, akazipanga kwa mfuatano wa miaka. Zote zimeandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya wino wa bluu. Hii ya tisa ilikuwa imepigwa chapa.

"Mbona mwaka huu kapiga chapa?"

"Labda wamempa karani."

"Labda. Hebu nionyeshe huo mkono wa mama. Ulikuwa unafanyaje?"

Msusi alisita. Kisha mkono wake wa kushoto ulipanda taratibu, vidole viwili vimebana kitu kisichokuwepo, ukavuta juu, ukashuka, ukavuta juu tena. Alikuwa anashona hewa. Saluni ni ya vioo pande zote, na mkono ule ulishona katika kila kioo. Kobe hakuamini kioo. Aligeuza kiti akautazama mkono wenyewe.

"Alikuwa wa kushoto?"

"Kwa kila kitu. Mkasi wake wa kushoto mpaka leo hakuna anayeuweza."

Kobe aliandika neno moja kwenye daftari, akalipigia mstari.

*

Maabara ilikuwa chini ya jengo, mwisho wa korido yenye taa nyeupe zisizo na dirisha la kusaidiana nalo. Humo chini mtu hawezi kujua kama nje ni mchana au la. Mtaalamu wa maabara aliyempokea Kobe alikuwa mzee mwenye koti zito, na wote waliomjua walimwita Mzee wa Baridi, kwa kuwa kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kutunza friza. Alimvisha Kobe joho la karatasi, mifuko ya viatu na glavu jozi mbili.

"Usijiguse uso," alisema.

Hapo hapo pua ya Kobe ikaanza kuwasha.

Mzee alifungua mlango mzito wa chumba cha friza. Upande mmoja kulikuwa na droo za chuma kutoka sakafuni mpaka dari, na kila droo ilikuwa na kibandiko: Fundi. Mwalimu wa Hesabu. Bibi Harusi. Kipa. Mama Pacha. Familia ndizo zilizotaka hivyo, mzee alieleza. Ruzuku ina jina, basi na droo iwe na jina. Hakuna aliyetaka mtu wake awe namba.

"Hamjambo," mzee aliziambia droo.

Kisha akanyamaza, kichwa amekiinamisha kidogo. Mota ya friza ilinguruma, ikazima. Kobe alijikuta naye amesimama kimya, anasubiri, na alipotambua anachokisubiri nywele za shingoni zikamsimama.

"Ndiyo nini hii, mzee?"

"Salamu. Kumsalimia mtu na kumpa mgongo papo hapo si adabu."

"Wameshawahi kuitika?"

"Afande, umekuja kwa habari za barua au za wafu?"

"Kwa habari za bahasha."

Sefu ilikuwa na funguo mbili zinazofanana, mmoja kwa Mzee wa Baridi, mwingine kwa Daktari. Mpaka hapo Kobe alikuwa akimshuku mzee huyu zaidi ya wote. Ufunguo anao, familia anazijua kwa majina, na mtu anayezungumza na droo anaweza pia kuandika barua. Bahasha ya Msusi ilitolewa ikawekwa chini ya taa. Kobe aliikagua kama anavyokagua kila kitu, yaani mpaka mzee akahama mguu mara tatu. Alilinganisha namba ya lakiri na ile ya hati ya mapokezi. Alipitisha kioo cha kukuzia kwenye kila ukingo. Aliangalia kama gundi imewahi kulowa na kukauka upya. Hakuna aliyeigusa.

"Waliopima damu hawana nakala?"

"Wanajua namba tu. Jina hawalijui. Jina na namba vinakutana humo ndani ya bahasha, kwingine popote havikutani."

Basi njia hiyo ilikuwa imefungwa. Hakuna mtu duniani aliyejua alichobeba Msusi, na barua haikuwa inamwambia kitu. Kobe alipaswa kufurahi, na kwa kiasi fulani alifurahi. Lakini bado kulikuwa na mtu aliyesema sasa najua, na hakuwa amejua kwa kusoma.

"Daktari yuko wapi?"

"Likizo. Mgongo unamsumbua."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tano hii."

"Barua aliandikia wapi?"

"Sijui. Nyumbani, labda."

Mzee alijibu haraka kidogo kuliko alivyokuwa akijibu. Kobe aliliacha lipite. Aliomba aonyeshwe kazi yenyewe, maana hakuwa amewahi kuona ubongo ukifanyiwa utafiti na alitaka kujua unafanywaje. Mzee alifurahi kubadilisha mazungumzo. Alichukua kipande cha nta, kwa kuwa vya kweli si vya kuchezea, akavaa glavu ya nyavu za chuma juu ya zile za mpira, akaketi kwenye meza yenye kioo kizito mbele.

Mkono wake wa kulia ulianza kazi. Ulishika kipande chembamba kwa koleo dogo. Ukakilaza juu ya kioo. Ukakikata ukingo kwa wembe. Ukakilaza tena.

Kobe alisahau pua yake.

"Rudia," alisema.

Mzee akarudia. Alishika, akalaza, akakata, akalaza tena.

"Kazi hii hufanywa na nani hapa?"

"Mimi na Daktari. Mwingine haruhusiwi."

"Na Daktari hutumia mkono gani?"

"Wa kulia. Meza yenyewe imeundwa hivyo."

Kobe aliketi kwenye kiti cha karibu bila kukaribishwa. Mtu anayeiba habari za Fundi angeuiba mkono wa kushoto, kwa sababu wote waliomwona walimwona akiutumia wa kushoto. Tena ule wa Fundi ulikuwa unashona, na mkono wa kwenye barua haushoni. Ugonjwa huu ukifika mahali fulani hurudisha mikono kazini bila mwenyewe kutaka. Hilo alilisoma jana kwenye jalada. Fundi cherehani hushona. Basi mkono unaokilaza kitu chembamba na kukikata ukingo ulikuwa wa mtu mwingine, na mwenyewe aliandika anachokiona mbele ya macho yake. Karani hakuwepo. Daktari aliacha kalamu kwa sababu mkono haumtii tena.

"Mzee," alisema taratibu, "alijikata lini?"

Mzee wa Baridi aliivua glavu ya chuma, akaikunja vizuri kana kwamba ni shati la Ijumaa.

"Nani?"

"Tusichoshane. Mimi nina subira kuliko friza zako."

Mota ilinguruma tena. Mzee alitazama droo, kisha akatazama sakafu, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Miaka minane iliyopita. Mwaka wa kwanza wa ruzuku."

"Ilikuwaje?"

"Fundi alikuwa na lebo zake za kitambaa, alizitarizi mwenyewe, za kushona kwenye kola za wateja. Zina jina lake. Binti yake akaomba moja ifungwe kwenye kasha la mama. Tukafunga. Siku ile tunalitoa kasha, lebo imegandamana na barafu. Daktari alikuwa na wembe mkononi, tena umeshatumika. Nikamwambia kata tu, ni kitambaa hicho. Akasema, nitamwambia nini bintiye? Glavu ya chuma ni nene, haishiki uzi. Akaivua, abandue kwa kucha. Wembe ukateleza."

"Mkaripoti?"

"Kuripoti ni kufungwa maabara. Droo zote zihamishwe, ruzuku zisimame mwaka mzima au zaidi. Akasema kidonda chenyewe hakifiki hata cha kunyolea. Tukaloweka kidole kwenye dawa mpaka ngozi ikaungua. Tukala yamini kunyamaza."

"Halafu?"

"Halafu nikawa namwangalia. Kila asubuhi, miaka minane, namwangalia anavyoshika kikombe, anavyosema jina langu. Nikaanza kuamini tumepona. Mwezi wa pili mwaka huu nikamwona anashuka ngazi za nje. Alifika chini, akainua mguu, akashuka tena. Hapakuwa na ngazi."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwamkia." Mzee alijifuta macho kwa kiwiko, maana hata sasa hakusahau kwamba haruhusiwi kujigusa uso. "Ningemwambia nini, afande? Yeye ndiye aliyenifundisha dalili."

Kobe alifungua daftari. "Unajua kwamba haya nitayaandika."

"Andika. Nimechoka kuwa peke yangu ninayejua."

*

Alimpigia Msusi simu akiwa bado kwenye korido.

"Bahasha haijafunguliwa. Lakiri ni nzima. Kilichomo sikijui mimi, wala hakuna akijuaye."

Upande wa pili ilisikika pumzi ndefu iliyokatikakatika.

"Sasa ngazi nani kazijua?"

"Ndiyo naenda kumwuliza aliyeandika."

"Nakuja."

"Taratibu haziruhusu, mdogo wangu."

"Niko hapa kwenye lango la maabara tangu saa sita, afande. Taratibu nitaziomba radhi baadaye."

Kobe alitaka kukataa na akajua hatakataa. Njiani, ndani ya gari, alimweleza yote kwa mfuatano kama anavyotoa ushahidi: meza, mkono, wembe, miaka minane. Msusi alisikiliza akitazama mbele.

"Hiyo glavu aliivua kwa nini?"

Kobe alishika usukani kwa mikono miwili. Alipunguza mwendo. Akamweleza habari ya lebo.

Walipita mitaa mitatu. Kwenye taa za barabarani, gari limesimama, Msusi alisema, "Nilikuwa nazo nyingine kumi na moja kwenye kopo. Angekata tu. Ningempa nyingine." Kisha akaanza kulia, kwa utulivu, mikono magotini, na Kobe alimwacha alie.

Nyumba ya Daktari ilikuwa ya ghorofa moja, safi, mapazia yote yamefungwa ingawa ilikuwa saa tisa na jua liko nje. Mke wake alifungua mlango. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa gauni vifungo vimepishana, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye naye hajalala. Nyuma yake palionekana ngazi za ndani. Kila ngazi ilikuwa imeandikwa namba kwa chaki, na baada ya ya mwisho, sakafuni, kulikuwa na maneno makubwa: HAPA BASI.

Kobe alionyesha kitambulisho, akaeleza kilichomleta. Mama yule hakushangaa. Ni kama alikuwa amemsubiri mtu yeyote, hata polisi.

"Na huyu?"

"Mimi ni binti wa Fundi," Msusi alisema. "Shikamoo, mama."

Mwanamke hakuitikia. Alimtazama tangu kichwani mpaka miguuni.

"Mama yako kaniulia mume," alisema.

Msusi aliinamisha kichwa. Hakujitetea, wala hakurudi nyuma. Baada ya muda mwanamke aliachia mlango, nao wakaingia.

Daktari alikuwa ameketi sebuleni kwenye kiti kilichogeukia ukuta. Alikuwa amekonda, fulana imemgandama kwa jasho, macho wazi. Mkono wake wa kulia ulikuwa kazini. Ulishika, ukalaza, ukakata, ukalaza tena. Mkewe alisema barua ile ilimchukua siku kumi na moja, kwa kidole kimoja, na kila alipoulizwa kwa nini asipumzike alijibu kwamba hakuna mtafiti aliyewahi kuripoti akiwa ndani ya ugonjwa wenyewe.

Kobe aliinama mbele yake. "Daktari, mimi ni polisi. Nina swali moja. Habari ya ngazi uliipata kwa nani?"

Daktari hakumtazama. Alitazama juu ya bega lake, kule aliposimama Msusi, na uso ukamfunguka kwa furaha ya kutisha, ya mtu aliyemwona mgeni ambaye hakutegemea kumwona tena.

"Fundi," alisema. "Umeipata barua?"

Kobe aligeuka. Msusi alikuwa ameushika mgongo wa kiti, vidole vimempauka, na kwa mara ya kwanza Kobe aliona jinsi mtu anavyoweza kuukaribia umri wa mama yake.

"Nimeipata," Msusi alisema.

"Uliniambia ngazi zinazaa. Siku ile wodini. Nikacheka." Aliutazama mkono wake wa kulia. "Sikuandika, Fundi. Nilikuwa na kalamu mkononi na sikuandika."

"Umeshaandika sasa. Tumeisoma wote."

Daktari aliitikia kwa kichwa mara nyingi, akaugeukia ukuta. Mkono haukuwa umesimama hata mara moja.

Kobe alifunga daftari. Lalamiko la bahasha lilikuwa limekwisha. La ajali iliyofichwa lingeandikwa kesho na kupelekwa juu, na huko wangeuliza nani akamatwe. Alijua ni wakati wa kuaga. Lakini Msusi alikuwa ameshavua viatu.

"Analala?" alimwuliza mke wa Daktari.

"Namwomba alale. Nafunga mapazia, nazima taa, namwimbia kama mtoto mchanga. Ananitazama tu."

"Usimwambie alale tena, mama. Hakuna neno litakalomwumiza kama hilo. Fungua mapazia. Mwambie ni saa ngapi na siku gani, hata asipouliza. Akisikia anaitwa, usibishe kwamba haitwi, itika wewe. Na maji umpe kwa kijiko, kikombe kitampalia."

Mwanamke alikwenda dirishani akavuta pazia. Mwanga uliingia mpaka miguuni kwa mumewe. Alibaki hapo, mkono umeshika kitambaa.

"Mama yako ulimwuguza na nani?"

"Peke yangu. Baba hakuweza kuangalia."

"Na wewe je?"

"Mimi sijui kama nitaumwa."

"Najua hujui. Nakuuliza una nani."

Kobe, ambaye anaishi kwa kuuliza maswali, alitazama sakafu.

Mke wa Daktari aliondoka dirishani. Alivuta viti viwili mpaka ubavuni mwa mumewe, akaketi kimoja, akampigapigia Msusi cha pili kwa kiganja.

"Basi kaa, mwanangu, unifundishe vizuri," alisema. "Usiache kitu. Siku yako ikifika, kama itafika, nitakuwa nimeshaijua kazi."